Watoto wa vidudu wa 2020 na foleni ya kidato cha kwanza 2028

Juzi nilikaa kwenye kikao cha kata hapa Arusha mjini, viti vya plastiki chini ya mjakaranda. Afisa elimu kata alikuwa amebandika karatasi ya manila kwenye shina la mti. Juu kabisa ameandika 2028 na kuupigia mstari mara mbili, na chini yake safu tatu: vyumba vya madarasa, viti na meza, matundu ya vyoo. Kikao chote kikaishia kwenye safu hizo tatu, tofali ngapi, mchanga utoke wapi, nani ana lori. Wenye watoto darasa la tano na la sita wanajua kwa nini mwaka huo unapigiwa mistari. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita badala ya la saba, na walioanza kuusoma wakiwa la tatu mwaka 2024 watamaliza 2027. Wenzao waliowatangulia kwa mwaka mmoja wako kwenye utaratibu wa zamani, nao wanamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 madarasa mawili yatasimama mbele ya mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Nchi nzima italiona hilo, ila kwenye miji iliyojaa kama Arusha na Moshi litaonekana mapema na kwa ukali zaidi.

Nadhani tunajiandaa kwa 2028 tukiongozwa na kumbukumbu mbovu ya korona. Janga lile lilituachia madarasa, nasi tukaamini kwamba somo lake lilikuwa madarasa. Tumesahau kujiuliza mtoto yupi alikuwa darasa gani siku shule zilipofungwa. Hebu tupige hesabu ya vidole. Mtoto atakayemaliza la saba mwaka 2027, kama hakurudia wala kuruka, alianza la kwanza Januari 2021. Mwaka wa nyuma yake, 2020, alikuwa darasa la awali, au vidudu kama tunavyosema mtaani. Kwa hiyo kati ya makundi mawili yatakayogombea nafasi ileile, kundi kubwa kwa umri ndilo lililopoteza mwanzo wake wa shule kwa korona, na kundi dogo liliingia vidudu mwaka uliofuata, milango ikiwa wazi. Karatasi ya manila haina safu ya jambo hilo.

Kwa Arusha habari ya korona haikuwa ya kusikia redioni. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji, na mgonjwa huyo alikuwa hapahapa mjini. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, waliobaki wakarudi Jumatatu ya tarehe 29 Juni. Ukihesabu kuanzia asubuhi ya tarehe 18 Machi unapata siku 103. Ninalo daftari la hesabu la mpwa wangu, wakati ule akiwa la pili. Ukurasa mmoja juu una tarehe 17/3/2020 na hesabu za kujumlisha kwa kuchukua, vema nne na kosa moja kwa kalamu nyekundu. Ameruka mstari mmoja, kisha 30/6/2020, kutoa kwa kukopa. Daftarini miezi mitatu na ushei imekaa ndani ya mstari mmoja mtupu, kama vile mwalimu alitoka nje kuchukua chaki akarudi.

Katika miezi ile Taasisi ya Elimu Tanzania ilirusha vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni, na watu waliojitahidi kuviandaa wanastahili heshima yao. Lakini kipindi cha redio kinamfaa mtoto anayejua kuandika anachokisikia. Wa vidudu yuko kwenye kujifunza kushika penseli, kukaa kwenye mkeka dakika ishirini bila kumlilia mama, kutofautisha herufi b na d. Mambo hayo hufundishwa na mtu mzima aliyeinama, mkono juu ya mkono. Shule za binafsi zilituma kazi kwa WhatsApp, mzazi akaenda kuchapa steshenari, mtoto akakaa nazo mezani. Kwenye shule za kayumba, yaani za serikali, hilo halikuwepo, na hata lingekuwepo, bando lingelipiwa na nani? Mwaka ule watalii waliokuja nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,867. Kwa mji wa Dar hiyo ni takwimu ya uchumi. Kwa Moshi na Arusha ni baba aliyekuwa mgumu wa kubeba mizigo mlimani akabaki nyumbani, ni dereva wa gari la safari akauza friji, ni mama ntilie wa karibu na stendi aliyezima jiko. Na wapo waliowatoa watoto Ingilishi Midiamu na kuwaleta kayumba, kwa hiyo shule zilipofunguliwa baadhi ya madarasa yakawa na watoto wengi kuliko Machi.

Zilipofunguliwa, shule zilitakiwa kufidia muda uliopotea kwa kuongeza saa za masomo. Hapo kila mwalimu mkuu alifanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya, akaelekeza nguvu kwenye madarasa ya mtihani. La saba walipata mwalimu mzuri, saa za jioni, Jumamosi na hata makande ya mchana kwa michango ya wazazi. Mtihani wao ulikuwa Oktoba, miezi mitatu mbele, na jina la shule lilikuwa linaning'inia hapo. Vidudu hawana mtihani wa taifa. Kwa shule nyingi nilizozijua, fidia ya vidudu ilikuwa kwamba Januari ilipofika walihamishiwa la kwanza.

Sasa nije kwa wanaosema nakuza jambo. Hoja yao ya kwanza ina uzito na siwezi kuipuuza. Tanzania ilifunga shule kwa muda mfupi. Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Kenya walirudisha madarasa ya mtihani Oktoba 2020 na wengine wote Januari 2021. Mtu wa Namanga anayeona watoto wa pande zote mbili za mpaka anajua tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani. Naikubali. Ila kupoteza kidogo kuliko jirani si sawa na kutopoteza. Zaidi ya hapo, kufunga kwa muda mrefu kuliwalazimisha wenzetu walitambue pengo. Kenya walivuruga kalenda yao yote ya shule kwa miaka kadhaa ili kulifidia, kila mzazi akajua kuna deni. Sisi tulirudi Juni, tukasema tumeshinda, na deni halikuandikwa popote.

Hoja ya pili ni ya madarasa yenyewe, nayo ni nzuri zaidi. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa maendeleo kwa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, wa shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani yake yalikuwemo madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo za watoto walio mbali na shule mama), kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Aliyekuwa mjini hapa Novemba na Desemba ya mwaka ule anakumbuka saruji ilivyoadimika madukani na mafundi walivyolala saiti. Watoto wote 907,802 waliofaulu la saba mwaka ule walipangiwa shule kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo mtoto alifaulu, akaambiwa asubiri chaguo la pili vyumba vikipatikana, akaanza Machi, wengine mwezi wa nne, wenzake wamefika mbali. Kwa hiyo sidharau chumba. Kwa mtoto wa Sokon au wa Njoro aliyekuwa akisubiri nyumbani, lile lilikuwa jambo kubwa kweli. Mwaka uliofuata yalijengwa mengine 8,000 kwa ajili ya waliofuata. Hapo ndipo tulipozoea kwamba wimbi la wanafunzi dawa yake ni tofali, na ndiyo maana karatasi ya manila ina safu zile tatu.

Hoja ya tatu ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba korona haikuathiri chochote kwa sababu ufaulu ulipanda. Ni kweli ulipanda. La saba mwaka 2019 walifaulu asilimia 81.50, na mwaka 2020, mwaka wa korona wenyewe, asilimia 82.68. Kidato cha nne walitoka asilimia 80.65 hadi 85.84. Nimesikia takwimu hizi zikitajwa kwenye vikao na vijiwe vya kahawa kana kwamba ni cheti cha daktari. Lakini tazama zinapima nini. Mtihani wa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu. Waliofanya ni watoto waliokuwa wamesoma miaka sita kamili kabla ya Machi 2020, na ndio hao waliopewa saa za jioni, Jumamosi na makande. Tuliwapima wale tuliowapa kila kitu, kisha matokeo yao tukawatolea watoto wote risiti. Kwa kidato cha nne kuna la ziada. Mtu anahesabiwa amefaulu hata kwa daraja la nne, na daraja la nne unalipata kwa alama D mbili. Katika mwaka huohuo wa asilimia 85.84, waliofaulu hisabati walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Asilimia zote mbili ni za kweli, na zimetoka kwa watoto walewale kwenye vyumba vilevile. Sisi tunachagua ya kuitaja.

Na asilimia yoyote ile ni ya waliokalia dawati siku ya mtihani. Binti aliyepata mimba kati ya Machi na Juni 2020 hakurudi tarehe 29, na kwa utaratibu wa wakati ule asingepokelewa hata angetaka. Ruhusa ya kurudi ilitangazwa Novemba 2021, mwaka na nusu baadaye, wakati wenzake wa darasa walishamwacha mbali. Kijana aliyeanza kusukuma mkokoteni soko la Kilombero au Mbuyuni ili nyumbani wale, akaonja hela yake mwenyewe, naye hayumo. Hawa hawashushi ufaulu, maana waliotoka kwenye hesabu wanaiacha hesabu ikiwa safi zaidi. Sielewi kwa nini hata watu wazima wenye shahada wanahitaji kuelezwa hili.

Lipo pingamizi jingine, na hili linanisumbua kwa sababu ni la busara. Mwalimu mmoja mstaafu wa Old Moshi, mzee ninayemheshimu, aliniambia: "Mwanangu, mtoto wa miaka mitano akikosa miezi mitatu, akifika miaka kumi na miwili unaona wapi alama yake? Watoto ni kama migomba, ikikatwa inachipua." Kwa watoto wengi ana haki. Mwenye kitabu nyumbani, dada wa kidato cha tatu na mwalimu mwenye nafasi ya kumwona alishafidia zamani. Lakini mgomba unachipua ukiwa na mbolea. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa darasa, na wazazi wa pembezoni mwa mji wanajua idadi halisi ya chumba cha mtoto wao. Mwalimu mwenye watoto mara mbili ya kiwango hicho hufundisha kwa mwendo wa walio mbele. Anayeingia la kwanza bila kujua herufi hasogei na wenzake la pili. Anajifunza kunakili ubao vizuri, mwandiko mzuri kabisa, bila kusoma alichonakili. Nimewaona. Ukimfunika ubao, hajui. Mtoto kama huyo anaweza kufika la sita akiwa na madaftari yaliyojaa vema.

Mwaka huu wa 2026 mtoto wa vidudu wa 2020 yuko la sita, na wenzake waliokuwa la kwanza siku ile shule zinafungwa ndio wanaofanya mtihani wa la saba. Hawa wa mtihani tutawaona kwenye matokeo, na asilimia ikipanda tutasikia tena wimbo uleule. Wa la sita wana mwaka mmoja na miezi. Kisha wanaingia sekondari, ambako lugha inabadilika siku moja kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mtoto ambaye Kiswahili chenyewe anakisoma kwa kukokota ndiye anayeachwa hapo. Kwa miaka ya kawaida yale mafunzo ya wiki chache ya kuwazoesha kidato cha kwanza Kiingereza husaidia kidogo. Mwaka 2028 mwalimu yuleyule wa Kiingereza atakuwa na madarasa mawili yaliyomaliza msingi kwa mitaala miwili tofauti, na aliyetoka la saba ana mwaka mmoja zaidi, ndevu zinaanza, anaona aibu kuuliza mbele ya wadogo. Waalimu wanajua aibu hiyo inaishia wapi. Kwa wavulana inaishia bodaboda.

Ndiyo maana naona safu za afisa wetu zimepangwa kinyume. Chumba kinajengwa upesi, na tulishajionea: mpango ulizinduliwa Oktoba, Januari watoto wamekaa ndani. Mwalimu wa hisabati anasomea shahada miaka mitatu. Atakayefundisha kidato cha kwanza Januari 2028 ama yuko chuoni sasa hivi, ama alishamaliza na anauza vocha akisubiri ajira. Swali la 2028 kwa halmashauri zetu ni wangapi kati yao wataajiriwa mapema, na wangapi watapelekwa pasipotamanika. Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi hazikosi walimu wanaotaka kuhamia. Wengi wanaomba kuja huku kwa sababu ya mume, hospitali au umeme. Longido na Ngorongoro hazina bahati hiyo. Kwa hiyo mgao wa walimu ukifuata maombi ya uhamisho, wimbi la 2028 litawaangukia zaidi walio mbali na lami, na wengi wao ndio walikuwa mbali na redio mwaka 2020.

Zipo pia fedha za mapato ya ndani. Halmashauri inayoweza kununua tofali inaweza kumlipa mwalimu wa kujitolea posho ya saa za jioni kwa watoto wa la sita wasiosoma vizuri, mwaka huu, kabla hawajafika la saba na kugeuka kuwa watoto wa mtihani wanaokaririshwa maswali. Posho haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, najua. Arusha inajenga uwanja wa AFCON 2027 pale Olmoti na kila mwenye baa anajua umefikia wapi. Sina ugomvi na mpira. Nashangaa tu kwamba mwaka 2027 umeingia vichwani mwetu kwa jambo moja, wakati ni mwaka huohuo madarasa mawili ya watoto wetu yanamaliza kwa pamoja.

Kikao kilipofika kwenye mengineyo niliomba nafasi, nikauliza kama kata inajua ni watoto wangapi wa la sita wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiswahili bila kusaidiwa. Afisa elimu kata, kijana mstaarabu, alisema swali ni zuri, lakini fomu aliyoletewa haina sehemu ya kulijaza, niliandike nimpelekee ofisini. Barua nimeshaiandika. Naomba kila shule ya msingi ya kata iwasikilize watoto wa la tano na la sita, mmoja mmoja, wakisoma kwa sauti dakika tatu, Kiswahili na Kiingereza, na kuandika majina, si asilimia. Kwa shule yenye watoto mia mbili wa madarasa hayo mawili ni kama saa kumi za kazi. Wazazi wanne tumejiandikisha kusaidia kusikiliza, kuanzia Jumamosi yoyote atakayopanga.